Bomba Lililokaa Mahali pa Valvu

Mume wangu alikuwa analegeza breki za tela kwa mkono wake mwenyewe, halafu analeta gari kwetu na kulalamika kwamba kichwa kinakula breki. Mara ya kwanza nilibadilisha lainingi, zile pedi zinazobana gurudumu. Mara ya pili nikabadilisha tena. Mara ya tatu ndiyo ninayoiandika, kwa sababu hadi leo watu wa Nangurukuru wanaisimulia nusu. Wanasema mke alimwachisha mumewe kazi. Ni kweli, nilimwachisha. Lakini waisimulie yote.

Mimi ni fundi wa breki. Nilimaliza kidato cha nne, matokeo yakaja ya kukaa nyumbani, mjomba akasema njoo gereji yangu ushike tochi. Nilishika tochi mwaka mzima, kisha nikashika spana. Mjomba ni kaka wa mama yangu, na kwetu Miteja mjomba si mtu wa kusalimia ukapita. Siku ya posa yangu yeye ndiye aliyekaa mkekani, yeye ndiye aliyesema ndiyo. Kumwambia mjomba umekosea sikuwa nimewahi, na sikumbuki kumwona mtu wa nyumbani kwetu akimwambia.

Mtoto wangu alikuwa na miezi saba. Nilikuwa namlaza kwenye kitanda cha kebini ya lori bovu lililokaa gereji kwetu miaka, milango wazi, chandarua juu. Siku zile sikuwa nasikia kitu moyoni. Sina namna nyingine ya kusema. Tangu nijifungue nilikuwa nakula kwa sababu chakula kimepakuliwa, na kukiwa na msiba nilikwenda, nikakaa, nikarudi. Kliniki walimpima mtoto, wakaandika kwenye kadi, wakasema anaongezeka vizuri mama, nenda. Mimi hakuna aliyenipima. Mama alisema ni uchovu. Kitu kilichokuwa kinaingia kichwani kwangu ni breki tu, kwa sababu breki haijali unajisikiaje. Inataka uangalie.

Breki za lori kubwa ni za upepo. Kichwa, yaani lile gari la mbele lenye injini, kinajaza upepo kwenye mitungi, na upepo ule unakwenda hadi kwenye tela kwa mipira miwili. Mmoja unalijazia tela mtungi wake. Wa pili unapeleka habari ya mguu: dereva akikanyaga kidogo, tela likamate kidogo, akikanyaga sana, likamate sana. Vyote viwili vinatakiwa vikamate pamoja. Kimoja kikizembea, mwenzake anabeba kazi ya wawili mpaka anaungua. Mafundi wa kiume wanapenda kusema hiyo ni kama ndoa, kisha wananiangalia. Sipendi utani huo. Ni upepo na chuma.

Kichwa alichokuwa anaendesha mume wangu kilikuja kutoka ng'ambo, kimetumika lakini kizima, breki zake kali. Tela lilikuwa la zamani, limeshapita kwa matajiri watatu, yaani wenye magari. Walikuwa wanapakia jasi, mawe meupe ya kutengenezea saruji, kwenye machimbo yetu ya Kilwa, wanashusha kiwandani Mtwara, wanarudi tupu. Katikati kuna mteremko wa Mbwemkuru. Anayeijua barabara ya kusini anaujua. Unashuka na mzigo, bonde liko mbele yako, na breki ulizonazo ndizo hizo hizo.

Mume wangu alifika saa sita mchana, siku ya Jumanne. Harufu ya lainingi iliyoungua iliingia gereji kabla yake.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mkwe. Umechoma tena?"

"Limechoma lenyewe."

"Gari halina mguu, mkwe. Mguu unao wewe." Mjomba alicheka, mafundi wawili waliokuwa kwenye shimo wakacheka. "Mguu wako mzito kama wa mtu anayekanyaga udongo wa kukandika nyumba."

Mume wangu hakucheka. Alichungulia kebini kumwangalia mtoto, akarudi, akaniambia kwa sauti ya chini, "Bosi amesema hii ndiyo ya mwisho. Nikichoma tena, gari anapewa mtu mwingine. Kesho asubuhi napakia. Nitengenezee."

Nilichukua chupa ya maji. Nilipita gurudumu moja moja, namwagia ngoma za breki matone. Kwenye kichwa maji yaliruka na kuchemka, chwaa, hayakugusa vizuri. Nikaenda kwenye tela. Maji yalitiririka tu, yakadondoka chini. Nikashika ngoma kwa kiganja. Ilikuwa na joto la jua, basi. Ekseli tatu, magurudumu yote, hivyo hivyo. Tela lilikuwa linatoka Mtwara mpaka Nangurukuru bila kufanya kazi yoyote.

"Mjomba, tela halikamati."

"Badilisha lainingi za kichwa mwanangu, mtu ana safari."

Nililala chini ya tela. Kila gurudumu lina mkono mfupi wa chuma unaosukumwa na upepo, na kwenye mkono ule kuna bolti ya kukazia au kulegeza. Tunaita ajasta. Bolti zote zilikuwa zimelegezwa, na vichwa vyake vimechubuka, pembe zimekaribia kuisha. Spana ya saizi yake haichubui bolti hivyo. Hiyo ni kazi ya spana malaya, ile inayofunguka kwa saizi yoyote, na kwenye gari lile kulikuwa na spana malaya moja tu, chini ya kiti cha dereva. Niliinunua mimi.

Nilitoka chini nikasimama mbele yake.

"Nani anagusa ajasta zako?"

"Ajasta gani?"

"Usinifanye mtoto. Nani?"

Aliangalia kwa mjomba, akaangalia chini. "Wote tunafanya. Siyo mimi peke yangu. Ukishusha mzigo Mtwara, tela likiwa tupu linakamata mno. Unagusa breki kidogo tu, matairi yanaganda, yanaburuzika. Tairi linapata kipara siku moja. Bosi akiona kipara anapiga kelele mpaka ndugu zako wanasikia. Kwa hiyo ukifika pale kiwandani, kila dereva analala chini, analegeza."

"Halafu ukipakia unakaza."

Alikung'uta vumbi kwenye suruali.

"Halafu ukipakia unakaza?"

"Mwanzoni nilikuwa nakaza," alisema. "Magurudumu yote yale, jua lile, foleni nyuma inapiga honi. Baadaye... nikaona kichwa kinatosha."

Kinatosha. Miezi mingapi alikuwa anashuka Mbwemkuru na jasi nyuma, na kinachomzuia ni kichwa peke yake. Na mimi nikambadilishia lainingi mara mbili, nikamwambia nenda salama. Nilitaka kumpiga na ile chupa ya maji. Nilikuwa na hasira kubwa, na hasira yenyewe ilikaa kifuani baridi kama mzigo wa mtu mwingine nilioombwa nimshikie. Mtoto alilia. Nilinawa mikono kwa petroli na sabuni, nikamnyonyesha nimekaa kwenye ngazi ya lori bovu, naliangalia tela.

Nikawa najiuliza. Tela linakamata mno likiwa tupu. Kwa nini? Matela yametengenezwa yajue uzito. Kuna valvu yake, ina mkono unaounganishwa na ekseli. Mzigo ukikaa, tela linashuka, mkono unapanda, valvu inaruhusu upepo mwingi. Mzigo ukitoka, inabana, upepo unapita kidogo. Dereva hana haja ya kulala chini mahali popote.

Nilimrudisha mtoto kwenye chandarua, nikaingia tena chini ya tela, safari hii karibu na mtungi. Mahali pa valvu hapakuwa na valvu. Palikuwa na kipande cha bomba la shaba, kimekunjwa kona mbili, kimeunganisha upepo moja kwa moja. Mzigo uwepo usiwepo, tela linapewa upepo wote.

Kona ya pili ya bomba lile ilikuwa imebonyea kidogo. Niliijua. Nililikunja mimi.

Ilinirudia vizuri sana. Nilikuwa na mimba ya miezi minne, natapika mpaka nyongo, na tela lile lilikuja na valvu inavuja. Wakati ule lilikuwa la tajiri mwingine na mume wangu hakuwa analiendesha. Mjomba alisema valvu hizi Kilwa hazipatikani, kunja bomba, piga moja kwa moja, ni kwa muda tu, wataleta. Nilikunja. Kona ya pili ikabonyea kwa sababu kichefuchefu kilinijia katikati nikaachia mikono. Mjomba akasema inatosha, haionekani. Gari likaondoka. Hawakuleta chochote na hatukuuliza.

Kwa hiyo mjomba aliagiza, mimi nikakunja, mume wangu akalegeza. Watu watatu wa familia moja, kila mtu na sababu yake nzuri.

Niliwaita wote wawili pembeni ya gari. Nilieleza kama ninavyoeleza hapa, ila nilimeza maneno mahali pa kusema nani aliagiza. Nilisema "lilifungwa bomba." Mjomba alisikia. Alivua kofia, akaivaa tena.

"Ilikuwa kwa muda," alisema.

"Ndiyo mjomba."

"Valvu zilikuwa hazipatikani."

"Ndiyo mjomba. Sasa inatakiwa ipatikane. Dar ipo. Ije na basi. Gari lisiondoke mpaka ifike."

Mume wangu alijishika kichwa. "Napakia kesho!"

Nilimpigia tajiri mwenyewe, bosi wa mume wangu. Nilianza na shikamoo, nikamweleza polepole, kichwa, tela, valvu, mteremko. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Wewe ni mke wa dereva wangu, siyo?" Nikasema ndiyo, na fundi wa breki. Akasema, "Mpe simu mjomba wako." Nikampa. Mjomba alisema ndiyo bosi, ndiyo bosi, tutaangalia bosi, akakata.

"Anasema gari lipakie," mjomba alisema, macho yakiwa kwenye simu. "Valvu tutaona mbele ya safari."

Mume wangu alikuwa ameshaamua. Asipokwenda yeye, kesho ile ile kuna mtu anakabidhiwa ufunguo, na mtu huyo yupo, anakaa kijiweni pale njia panda kila siku na leseni mfukoni. Nikamwambia basi utakwenda kwa masharti yangu. Nilibadilisha lainingi za kichwa. Nilikaza ajasta zote za tela kama kitabu kinavyotaka, nikalijaribu kwa upepo, nikapima kila mkono unasogea kiasi gani. Halafu nilichukua rangi nyeupe na nikachora mstari kwenye kila bolti, kutoka kwenye bolti hadi kwenye chuma chake. Mtu akigeuza bolti, mstari unakatika.

Alikuwa amechuchumaa ananiangalia.

"Unaniwekea alama kama mwizi?"

"Ndiyo."

"Mimi, baba wa mtoto wako?"

"Wewe hasa. Ukishusha, usilegeze. Rudi polepole, ukiona kitu mbele anza kusimama mapema, mapema kabisa. Ukilegeza ukiwa tupu, utasahau kukaza ukipakia. Nakujua."

"Na matairi?"

"Matairi yafe."

Alisimama, akajifuta magoti. "Haya fundi," alisema. Aliposema fundi alimaanisha kitu kingine, lakini sikuwa na nafasi ya kukichukua.

Jumatano alishuka Mbwemkuru na mzigo. Alinipigia akiwa chini, ng'ambo ya daraja. Nilikuwa nimembeba mtoto mgongoni, nachuja mafuta. "Nimemwagia maji," alisema. "Ngoma zote zinachemka. Za mbele na za nyuma." "Lilinishika, mama watoto. Lilikuwa linanivuta nyuma kama mtu kanishika shati. Sijawahi kulisikia hivyo."

Nikasema sawa. Nilijua hapo mtu mwingine angelia. Nilirudi kwenye mafuta.

Kurudi alikuwa tupu. Ijumaa, baada ya swala, mvua ilinyesha ukanda wote. Alipokaribia Kitomanga bodaboda ilitokea kwenye kichochoro cha pembeni, imebeba magunia ya muhogo na mama mmoja juu yake, ikakata barabara bila kuangalia. Alikanyaga. Kichwa kilikamata vizuri. Tela lilikamata lote kwa mara moja, matairi yote yakaganda, likaburuzika kwenye lami yenye maji, likaanza kuja upande, mkia wake ukafika kwenye nyasi za ng'ambo. Alivyosema, aliachia breki, akakanyaga, akaachia, na likarudi mstarini. Bodaboda ilishaondoka. Yule mama hata hakugeuka nyuma, mume wangu aliniambia, alikuwa ameshika magunia.

Aliingiza gari gereji saa kumi. Nililala chini kabla sijamsalimia. Mistari yangu yote ilikuwa mizima, hakuna uliokatika hata kwa upana wa unywele. Alikuwa amepita pale kiwandani, wenzake wamelala chini ya matela yao wanageuza bolti, wanamwita wewe vipi, na hakugusa.

Matairi ya tela yalikuwa na vipara. Sita yalikuwa ya kutupa.

Tajiri alikuja mwenyewe Jumamosi. Mtu mpole kwa sura, kanzu safi. Alizunguka tela mara moja, akapitisha kidole kwenye kipara kimoja kimoja, na hakupiga kelele hata kidogo. Alimwambia mume wangu, "Kijana wangu, nipe ufunguo." Nilijaribu kusema. Nilisema bosi, bodaboda, mvua, valvu. Akaniambia, "Mama, nenda kamwangalie mtoto." Mtoto alikuwa mgongoni kwangu.

Mume wangu alichukua begi lake, mswaki, kandambili na ile spana malaya, akatembea kwenda nyumbani kwa miguu. Hakupita karibu yangu.

Jumatatu alikuja dereva mpya na gari lile lile, matairi mapya. Alikuwa mchangamfu, anasalimia kila mtu. Alimpa mjomba shikamoo, kisha akanigeukia.

"Dada fundi, nilegezee hizo ajasta za tela. Nimeambiwa ndizo zilizomponza mwenzangu. Umezikaza kama umekasirika."

"Unapakia lini?"

"Leo leo. Nakwenda kupakia nashuka."

"Basi huwezi kulegeza."

"Dada, tunafanya wote!" alisema, na akatoa meno yote. "Wewe legeza tu, dua nitasoma mwenyewe."

Niliwaza kumweleza. Nilihesabu ni watu wangapi nimeshawaeleza. Mjomba alikuwa ananyoosha mkono kunipa spana.

"Mlegezee mwanangu, mtu ana safari."

Niliipokea spana. Nililala chini ya tela nikaenda hadi kwenye mtungi, nikafungua nati mbili, nikalitoa lile bomba. Nikatoka nalo. Nilimwambia dereva panda, washa, kanyaga breki. Akakanyaga, upepo wote ukatoka chini ya tela kwa kelele, vumbi likapanda mpaka kwenye vioo.

"Rudisha," alisema mjomba.

"Sirudishi, mjomba."

Gereji nzima ilisikia. Mmoja wa mafundi wa kwenye shimo alitoa kichwa, akakirudisha chini. Mjomba alinitazama kwa muda mrefu, na mimi nilimtazama. Nilitegemea kusikia aibu, au woga, au hata raha kidogo. Ndani yangu palikuwa patupu.

Nilimwambia, "Nililikunja mimi, nimelitoa mimi. Ukitaka lirudi, kunja jingine wewe."

Alikwenda nyuma ya lori bovu akapiga simu. Nilimsikia. "Bosi, kuna kitu kimekatika kwenye tela... Hapana, kimekatika chenyewe. Valvu... Haliwezi kuondoka hivyo, upepo wote unamwagika. Lazima valvu ije... Ndiyo bosi. Ndiyo, nina uhakika, nimeangalia mwenyewe."

Valvu ilifika Jumanne mchana. Kwa basi, ndani ya boksi la biskuti, imefungwa kwa gazeti. Mwaka mzima ilikuwa haipatikani, na mimi nilipoiomba kwa maelezo ya kueleweka haikupatikana, na ilipodaiwa na kitu kilichokatika chenyewe ilichukua siku moja. Niliifunga. Nilirekebisha mkono wake tela likiwa tupu, wakaenda kupakia, wakarudi, nikarekebisha tena likiwa na mzigo. Mjomba alinishikia tochi. Hatukusema chochote isipokuwa "huku" na "hapo hapo." Dereva mpya alilijaribu barabarani, akarudi na kusema halijawahi kuwa hivi, kumbe linaweza, asante dada fundi, Mungu akuzidishie. Akaondoka kuelekea kusini.

Nilipofika nyumbani mume wangu alikuwa amekaa barazani, ameshachambua mchele. Alimpokea mtoto, akamweka kwenye paja.

"Imefika?" aliuliza.

"Imefika."

"Inafanya kazi?"

"Inafanya."

Alimtikisatikisa mtoto kidogo. "Angeiagiza wiki iliyopita," alisema.

"Ndiyo."

"Ningekuwa barabarani saa hizi."

Nikasema ndiyo. Nilikoka moto, nikainjika maji ya wali. Baadaye, wakati tunakula, aliniambia kwamba kesho atakwenda pale njia panda kukaa na wenzake, na leseni, kusubiri mtu yeyote anyang'anywe ufunguo.